Vigae Vilivyokuwa Vikisubiri Jua

Ilikuwa jioni ya kawaida tu ya Tukuyu. Mvua inanyesha, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na mimi nimesimama ndani ya duka la Meshaki pale mjini, nachagua vigae vya bwawa la kuogelea.

Najua. Hata wewe umecheka.

Mtaa mzima wa Msasani, ile ya hapahapa Tukuyu, ulicheka. Mahali ambapo maji yanatoka mbinguni karibu kila siku, mwanamke anachimba shimo ili ajaze maji mengine. Jirani mmoja aliniuliza kama nataka kufuga mamba. Nikamjibu kwamba mamba wa kwanza nitamfungulia aende kwake. Waliojua sababu hawakucheka, na wasiojua sikuwa na muda wa kuwaeleza.

Sababu ilikuwa Ikupa, mwanangu wa pekee. Malaria ilimpanda kichwani akiwa darasa la pili. Tulimuuguza, akapona kila mahali isipokuwa miguu. Daktari wa viungo kule Mbeya alisema kilichobaki ni maji ya uvuguvugu, kila siku. Mtoto asimamishwe ndani yake na kufundishwa kutembea upya, kwa sababu maji yatambeba. Tena tuwahi, kabla misuli haijalala moja kwa moja. Sasa maji hayo utayapata wapi Rungwe? Mito yetu itakuua kwa baridi kabla hujazama. Mume wangu Fred, dereva wa malori ya Zambia, alinipigia simu kutoka njiani akasema neno moja tu: chimba.

Nikachimba. Nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, bwawa la ukubwa wa sebule, na kando yake mapipa ya kuchemshia maji kwa kuni. Fundi Anosisye alijenga kuta, akapiga plasta, akaweka ngazi za kuteremkia. Kisha akaniambia jambo lililoninyima usingizi. Ndani ya bwawa niweke kigae chochote ninachokipenda. Lakini kwenye ngazi, na ukingo wote wa kuzunguka, nisithubutu kuweka vinavyong'aa.

"Mama Ikupa," alisema, "mtoto huyu akiteleza pale hutamwokota mzima. Tafuta tailizi za kukwaruza."

Nenda kazitafute hizo Tukuyu! Kwetu watu wananunua vigae kwa kazi mbili, sebule na kaburi. Sebule ing'ae mgeni aone, kaburi ling'ae ukoo uone. Meshaki alinifungulia boksi baada ya boksi. Kila kigae nilikimwagia maji ya chupa, nikavua kandambili, nikakipanda. Vyote viliteleza. Vya kukwaruza, akasema, mpaka viagizwe, na sitavipata mwezi huu. Alikuwa na pevingi za saruji, vile vitofali vya kutandika uani, lakini zile zinachuna ngozi, na mwanangu anatambaa. Mtoto wa miaka tisa, anatambaa kama wa miezi tisa.

Nikatoka nikasimama barazani kusubiri mvua ipungue. Hapo nikaanza kulia. Sikuona aibu, nilikuwa nimechoka.

"Unatafuta za kukwaruza…"

Sauti ilikuwa ya chini sana. Nikageuka. Mwisho wa baraza alisimama bibi kizee, kitenge kimemganda mwilini, maji yanamtiririka kutoka kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilichoshangaa ni kwamba alikuwa ndani ya baraza, kwenye ukavu kama mimi. Na bado alikuwa analowa.

"Shikamoo, bibi."

"Ndaga," aliitikia, kama wanavyoitikia wazee wetu wa vijijini.

Akaniambia vigae anavyo. Wanawe walimnunulia yeye, vyekundu, vya kukwaruza, vimekaa tu nyumbani kwao Lufingo vinasubiri jua, maana saruji haishiki kwenye mvua. Akanielekeza: nipite kanisa, nikate kwenye mashamba ya kahawa, niulize nyumba ya mabati ya bluu. Viko nyuma, vimefunikwa kwa majani ya migomba. Nikamuuliza bei yake. Akatikisa kichwa, akanisogelea. Alinuka udongo mbichi, kama shimo lililochimbwa muda uleule.

"Maji yenu… ni ya moto?"

"Ya uvuguvugu, bibi. Ni ya mtoto mgonjwa."

"Mimi nina baridi," alisema. "Nikija kuoga, usinifukuze."

Nani angemnyima bibi kizee maji ya kuoga? Nikamwambia karibu sana. Akashuka kwenye mvua bila haraka, kiganja amekibana kwenye nyonga, mguu wa kushoto anauburuta.

Kesho yake jioni nilikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, nikaenda Lufingo. Gari lilikwama kwenye matope, dereva akabaki barabarani, mimi nikaingia kwa miguu. Nyumba ya mabati ya bluu ilikuwa imefungwa. Mtu mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni akaniambia wenyewe wamekwenda msibani kule Masoko. Nikazunguka nyuma, kwenye migomba.

Majani niliyaona. Nikayafunua. Vigae vilikuwa chini yake, vyekundu, vya kukwaruza, vizuri kuliko nilivyoviomba kwa Mungu.

Na kando yake kulikuwa na kaburi.

Kaburi jipya. Juu limewekwa vigae vyeupe vinavyong'aa, lakini upande wa miguuni ulikuwa bado udongo mtupu. Nikaelewa palepale. Fundi aliona mvua haikatiki, akafunika vigae vilivyobaki, akaondoka kusubiri siku ya jua. Wote tunafanya hivyo huku. Na wote tunajua jambo lingine, tumekua tukiambiwa tangu tukiwa mgongoni: kilichonunuliwa kwa ajili ya kaburi hakiingii kwenye nyumba ya walio hai. Saruji ikibaki inamwagwa hapohapo. Hata mwiko wa fundi unaoshwa kabla haujatoka kwenye migomba.

Nilisimama pale nalowa. Kulikuwa na msalaba, na juu yake jina. Sikulisoma. Niligeuza uso makusudi, nisije nikalisoma kwa bahati mbaya.

Nikajiambia yule bibi amenipa kwa mdomo wake. Nikajiambia labda ni kaburi la mume wake, na mali ya mume ni ya mke. Kisha nikamfikiria Ikupa anavyojikokota na viwiko kutoka kitandani mpaka mlangoni, halafu ananichekea nisihuzunike. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikabeba boksi la kwanza.

Nilikwenda na kurudi mpaka mikono ikafa ganzi. Na kila niliporudi, ule udongo wa miguuni ulikuwa umetitia kidogo zaidi.

Nikasema ni mvua.

Anosisye nilimdanganya kwamba vigae vimetoka Mbeya. Alivisifu, akavipanga, vikatosha ngazi na ukingo wote bila kipande kubaki. Tukajaza maji, nikawasha moto chini ya mapipa, tukaanza.

Siku za mwanzo Ikupa alikuwa ananing'ang'ania shingoni analia. Nilimshika, nikamsimamisha, miguu ikakunjika kama kitenge. Kila siku hivyohivyo. Niliomba, nikafunga, nikalia kwenye moshi wa kuni ili asijue ni machozi. Nilianza kuamini kwamba tumechelewa.

Ndipo jioni moja nikamwacha ameketi kwenye ngazi ya juu, maji yako magotini, nikageuka kuchochea moto. Nikasikia anacheka.

Nikageuka.

Ikupa alikuwa katikati ya bwawa. Amesimama. Akanyanyua mguu mmoja, akaushusha. Akanyanyua wa pili…

Alikuwa anatembea.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakasikia. Nikaingia majini na nguo zangu, nikamkumbatia, nikamuuliza nani amekufundisha, mwanangu, nani?

"Bibi ananishika," alisema.

"Bibi gani?"

"Huyu."

Akaonyesha nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Lakini gauni lake dogo lilikuwa limebanwa kiunoni, pande zote mbili, kama mtu anavyombana mtoto kwa viganja. Nikaona kitambaa kinalegea taratibu… kidole baada ya kidole.

Kwenye vigae vyekundu kulikuwa na nyayo za maji. Zilitoka upande wa migomba yetu iliyo nyuma ya bwawa, zikaja mpaka kwenye ngazi. Wa kulia ulikanyaga vizuri. Wa kushoto uliburutwa. Tulipomaliza na kutoka, nikaona nyingine zimekwenda zilikotoka.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Nikujibu kweli: niliogopa mpaka meno yaligongana, na bado niligeukia ile migomba nikasema, "Karibu tena kesho, bibi." Mwanangu alikuwa ametembea. Angekuja shetani mwenyewe kumshika mkono, ningemwekea kiti.

Akaja kesho yake. Akaja kila jioni. Nyayo zinakuja, nyayo zinarudi. Ndani ya maji Ikupa alitembea, akazunguka, akaruka. Akitoka tu kwenye maji, miguu inakunjika vilevile. Na maji yakaanza kupoa upesi. Nilichochea kuni mpaka mapipa yakaunguruma, lakini ndani ya bwawa kulikuwa na baridi kama umande. Midomo ya Ikupa ikaanza kuwa ya kijivu. Usiku nikimfunika, blanketi halipati joto.

"Bibi anasema mvua inamwingia," aliniambia siku moja. "Kule kwake hakujafunikwa miguuni."

Nilimwambia anyamaze anywe uji.

Kisha ikafika Jumamosi. Jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, kitu cha ajabu kwetu. Nyayo zilikuja jioni kama kawaida, na tulipomaliza zikaondoka kama kawaida. Nilikuwa nafunika mapipa nikasikia mlio wa mguu unaoburutwa.

Shhh… pa. Shhh… pa.

Nikainua taa ya simu. Nyayo zilikuwa zimerudi. Zilikuja mbio safari hii, zimepishana, zimeteleza. Zikaingia majini. Nilisimama pale nikisubiri zitoke. Hazikutoka.

Jumapili, baada ya ibada, Ikupa mwenyewe aliomba kuingia majini. Nilitaka kukataa. Lakini alikuwa ameniangalia kwa yale macho, na daktari alisema kila siku. Nikamkalisha kwenye ngazi ya juu. Kuni zilikuwa hatua chache tu, nikainama kuokota gogo moja. Moja tu.

Niliponyanyuka hakuwepo.

Maji yalikuwa yametulia. Hata povu hapana. Nikatazama chini… na mwanangu alikuwa amesimama kwenye sakafu ya bwawa, wima kabisa, macho wazi, ananitazama kutoka chini ya maji. Hakuwa anahangaika. Alikuwa ametulia kama mtu anayesikiliza maelekezo.

Nikajitupa. Nikamkamata kwapani, nikavuta.

Hakuja.

Kulikuwa na mtu anavuta upande wa pili.

Nilivuta mpaka nikasikia kitu kwenye mgongo wangu kinalia. Nilimeza maji, na maji yale yalikuwa na ladha ya udongo. Nikapiga yowe mle ndani ya maji, nikamwomba, bibi, bibi, niachie, nitakurudishia. Ghafla akaachia, tukaibuka wote wawili. Ikupa alikohoa kwa muda mrefu. Kilichomtoka mdomoni kilikuwa udongo mweusi, na kipande cha jani la mgomba.

Nilimwita Agness, mke wa fundi Anosisye, aje kukaa naye. Kisha nikachukua nyundo na tindo nikaanza kubandua vigae. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Vingine vilitoka vizima, vingi vilipasuka, sikujali. Nilivipakia kwenye kirikuu mikono inavuja damu, tukaenda Lufingo, nikaomba njia nzima.

Mlango wa nyumba ya mabati ya bluu ulifunguliwa na mama wa makamo aitwaye Esnath, mkwe wa marehemu. Nilipiga magoti palepale mlangoni nikasema kila kitu, isipokuwa yale ambayo yangemfanya anidhanie kichaa. Nilitegemea anifukuze, au aite mgambo. Hakukasirika. Alikaa kwenye kiti chake akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniua.

Marehemu aliitwa Atupakisye, mama wa mume wa Esnath. Aliteleza hapohapo sebuleni, kwenye vigae vinavyong'aa ambavyo wanawe walimwekea kwa kumpenda, akavunjika nyonga ya kushoto. Hakutembea tena. Siku zake za mwisho alilalamika baridi tu, akiomba maji ya moto aoge, na wakimwogesha anaomba tena. Alipofariki wanawe waliona uchungu, wakaapa kwamba miguuni na pembeni mwa kaburi lake wataweka vya kukwaruza, ili mtu yeyote anayekuja kumwona asianguke kama yeye.

"Basi nimevirudisha, mama," nilisema. "Leo hii fundi avipange. Mfunikeni miguuni, nakuomba."

"Tumeshamfunika," alisema Esnath. "Tuliona vigae vimeibwa, tukasema hata zege tu litatosha, mama asiendelee kuingiwa na mvua. Jana jua liliwaka, tukamwaga zege jioni, nene sana. Limeshashika."

Jana. Jumamosi, jioni.

Nilitoka nje nikazunguka nyuma. Zege lilikuwa la kijivu, safi, limesawazishwa kwa ubao. Lilikuwa halina hata ufa. Lakini mtu alikuwa amelikwaruza kwa juu lilipokuwa bado bichi, mistari mirefu kutoka nje kuja ndani, kama mtu anavyokwaruza mlango uliofungwa. Esnath alisema ni kuku.

Walifunga akiwa nje. Akiwa kwangu.

Sijui nilirudije nyumbani. Nakumbuka nilitaka tu kumbeba Ikupa, nimpeleke kwa mama yangu, nimpeleke Mbeya, popote pasipo na yale maji. Kirikuu kiliposimama nikasikia vigelegele. Uwani kumejaa watu. Agness alinikimbilia analia kwa furaha, anasema njoo uone, njoo uone ukuu wa Mungu!

Ikupa alikuwa anatoka mlangoni.

Kwa miguu yake. Kwenye sakafu kavu.

Alikuja kwangu taratibu, kiganja amekibana kwenye nyonga, mguu wa kushoto anauburuta. Watu walimpisha. Alipofika akanishika uso kwa mikono yote miwili, na mikono ile ilikuwa ya baridi, akaniinamisha sikio.

"Ndaga, mwanangu," alininong'oneza. "Sasa mvua hainiingii."

Nilimkumbatia. Ungefanya nini? Ule mwili niliuzaa mimi. Kovu la goti ni lile alilolipata akijifunza baiskeli. Niliukumbatia huku nikitetemeka, na watu wakasema mama wa watu furaha imemzidi.

Jioni, walipoondoka wote, nilikwenda bwawani kuzima moto. Ukingo ulikuwa umebanduliwa, umebaki plasta tupu. Maji meusi, yametulia.

"Mama…"

Ilikuwa sauti ndogo, na ilitoka ndani ya maji.

"Mama, nina baridi."

Tangu siku ile nachochea moto kila jioni. Majirani wameanza kucheka tena, wananiuliza mtoto si amepona, sasa kuni zote hizi za nini. Ndani ya nyumba yule mwingine anaketi karibu na jiko, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, hanisumbui, anakula vizuri, anaitikia akiitwa Ikupa. Mimi ninakaa hapa, miguu yangu ndani ya maji, naimba zile nyimbo za kumlaza mtoto. Nikinyamaza ananiuliza kama nimeondoka.

Fred nilimtumia picha ya mtoto amesimama. Alilia kwenye simu, mwanaume mzima, akaniambia mke wangu umemrudisha mwanetu. Anafika kesho. Amesema bwawa limemaliza kazi yake na ni hatari kwa watoto wa jirani, kwa hiyo lifukiwe, juu pajengwe banda la kuku. Nimemwambia ngoja kwanza. Nimemwomba, nimemgombeza, nimekata simu. Anadhani ni uchovu. Ameshaongea na Anosisye, na mchana wa leo lori limemwaga kifusi pale getini, rundo linafika dirishani.

Mvua imekatika. Wingu limepasuka upande wa mlima, kesho patakuwa na jua.

"Mama," anasema, "usiwaache wanifunike."

Mkono mdogo umenishika kisigino. Nimemwambia sitoki hapa.